Kikombe kwenye Kiti cha Mfalme

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Siku ya Marehemu Wote. Nimetoka makaburini. Msalaba wa mume wangu Wilbroad bado ni ule wa mbao, rangi imeanza kubanduka kwenye jina. Niling'oa majani kidogo. Aliyekuja kaburi la jirani alikuwa na watoto saba wanamsaidia. Mimi peke yangu na panga.

Nyumba kimya.

Ubao wa sataranji bado uko juu ya kabati, umefunikwa kwa ungo wangu. Siku ya msiba watu walikuwa wanatoa viti na meza nje ili waombolezaji wakae kwenye mikeka. Mzee Shomari akaingia, hata pole hajanipa. Akaubeba ubao kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Akauweka kule juu, akafunika. Nilimchukia siku ile. Rafiki yako kafa, wewe unawaza mchezo!

Leo nimepanda kwenye stuli nikafunua. Wafalme na askari wote wamesimama walipoachwa. Hakuna aliyeanguka. Vumbi tu. Nikafunika tena, nikashuka, nikalia. Si sana.

Magreth kapiga simu kutoka Usinge. Yaleyale. Mama, nyumba nzima hiyo unaishi na nani, njoo huku kwa wajukuu. Sijui neno lilitoka wapi — nikamwambia mchezo wa baba yako haujaisha, ukiisha nitakuja. Akasema: haya, umeahidi mwenyewe.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwita Mzee Shomari. Amekuja saa nane, na mkewe Bi Asmahani nyuma yake na sinia la karanga za kumenya. Haji peke yake tangu Wilbroad afariki. Mjane ni mjane, na watu wana midomo. Tukakaa barazani, mlango wazi.

Nikamuuliza zamu ni ya nani. Ya Wilbroad, akasema. Ndiyo maana aliufunika. Hawezi kumshinda mtu ambaye hajajibu.

— Basi nitajibu mimi, shemeji. Nifundishe.

Bi Asmahani alicheka mpaka karanga zikamtoka mkononi. "Mama Magreth nawe! Mmoja ananitosha. Sasa nitakuwa na wawili wanaokodolea macho vijiti!"

Mzee hakucheka. Akaomba boksi la sabuni, akachora ubao mwingine kwa mkaa. Maharage ndiyo askari, vizibo vya soda ndiyo wakubwa. Ubao wa marehemu hauguswi mpaka nijue, kasema.

Wilbroad alijifunzia sataranji Kipalapala, alipokuwa mpishi pale seminari. Padri mmoja mzee alimfundisha. Shomari alifundishwa na babu yake, hapa hapa Gongoni, mjini Tabora. Kwa hiyo mmoja akisema malkia, mwingine anasema waziri. Mmoja askofu, mwingine tembo. Walibishana miaka yote hiyo na hakuna aliyebadili. Nikauliza mimi niseme nini. "Wewe unacheza mkono wa Wilbroad. Sema askofu."

Nimekumbuka jioni ya mwisho. Walikuwa wanacheza. Niliwapelekea kahawa kwenye vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Meza ilikuwa imejaa, nikaweka cha Wilbroad juu ya ubao, penye uwazi. Akaruka! "Mama Magreth, umekalia kiti cha mfalme!" Wakacheka, Shomari mpaka akakohoa. Mimi nilicheka kwa sababu wao wamecheka. Sikuelewa kitu.

Asubuhi yake presha ikamchukua.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimegombezwa. Kwa upole, lakini nimegombezwa.

Kijijini kwetu nilicheza isolo na kaka zangu, lile bao la mashimo. Kule mtu anapapasa kete shimoni huku anawaza. Mkono unahesabu kabla ya kichwa. Sasa hapa nikashika harage, nikaliacha, nikashika kizibo, nikakiacha.

Mzee akasema ukigusa, umecheza.

— Nilikuwa nafikiri tu.

— Fikiri kwa macho. Ukimgusa wako, lazima umsogeze. Ukimgusa wangu, lazima umle kama analika. Ukitaka kumweka sawa tu, sema kwanza: nasawazisha. Ukisema baada ya kushika, haikusaidii.

Nikapoteza malkia, yaani kizibo cha Fanta, kwa sababu ya mkono wangu. Akataka kunirudishia, ati mwanafunzi. Nikamuuliza, Wilbroad ungemrudishia?

"Wilbroad? Ningemkata kidole."

Basi na mimi usinionee huruma, nikamwambia. Akaniangalia. Haya, akasema, makubaliano.

Jambo jingine. Askari akifika mwisho wa ubao si lazima awe malkia. Anaweza kuwa farasi, ngome, askofu, unavyotaka. Isipokuwa mfalme. Na hawezi kubaki askari, hata akitaka.

Ijumaa, 8 Novemba

Hawakuja, Ijumaa wana msikiti. Mvua ya kwanza imenyesha. Nimetoa mwavuli wa Wilbroad kuufungua uingie hewa. Ndani kulikuwa na tiketi ya treni imekunjwa kama mashua. Alikuwa na mchezo huo, kila karatasi anaikunja.

Nimeirudisha.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa wamekuja. Leo ni wizi mtupu!

Nilitoa harage langu nyumbani hatua mbili, halali kabisa, likapita kando ya harage lake. Akalila! Halikuwa mbele yake kwa mshazari, halikuwa popote pa kuliwa. Akaliondoa, akaweka lake nyuma, mahali ambapo langu halikukanyaga hata.

— Shemeji, unaniibia.

— Sikuibii. Hii ni sheria. Hata Wilbroad alipoisikia mara ya kwanza alisusa siku mbili.

Alipoona sielewi akaleta habari za misafara. Zamani msafara ukitoka pwani kwenda Ujiji ulisimama hapa, na njia nzima kila mtemi alikuwa na kituo chake cha hongo, yaani ushuru wa kupita. Mjanja akiona kituo, anakiruka akidhani amepona. Basi askari wa mtemi anamkamata mbele ya safari na kumhukumu kama vile alisimama pale kituoni. Harage langu limeruka kituo, ndiyo hivyo. Ila lazima umkamate papo hapo. Ukicheza kitu kingine kwanza, amekwishapita, humdai tena.

Bi Asmahani akauliza mtemi gani huyo anakula maharage mabichi.

Nilicheka. Nimeona vibaya baadaye, kama nimecheka kanisani. Tangu msiba wa Agosti sikuwa nimecheka kwa sauti humu ndani.

Jumanne, 12 Novemba

Leo mambo mawili, yote ya mfalme.

La kwanza. Mfalme akikosa pa kwenda, na wenzake wote hawawezi kusogea, lakini hajatishwa na mtu — mchezo umeisha, hakuna aliyeshinda. Anakaa tu. Nikamwambia huyo ni mimi. Mzee akasema usiseme hivyo.

La pili, kuingia ngomeni. Hii ni hatua pekee ambapo wawili wanakwenda pamoja. Mfalme anasogea nafasi mbili kuelekea ngome, na ngome inamruka inakaa upande wake wa pili. Mara moja tu katika mchezo. Unamshika mfalme kwanza. Ukianza kushika ngome, itakwenda ngome peke yake. Kati yao pawe wazi. Na mfalme haruhusiwi kuingia akiwa ametishwa, wala kupita mahali adui anapotazama. Ngome yenyewe inaweza kupita kwenye hatari, haidhuru.

Na wawe hawajawahi kusogea, mfalme wala hiyo ngome.

Nikauliza, akitoka hatua moja halafu akarudi palepale?

Haki imekwisha.

— Lakini ubao unaonekana vilevile!

— Ubao ndiyo. Waliokaa mezani wanajua.

Akavuta sinia la mkewe akaanza kumenya karanga. Sijamwona hata siku moja akimenya karanga. Bi Asmahani naye akamtazama.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo tumefunua ungo.

Mzee aliushusha ubao mwenyewe. Mikono yake inatetemeka siku hizi, macho nayo yamechoka, sindano anatungiwa uzi na watu. Lakini hakutikisa hata askari mmoja. Ubao huu Wilbroad aliutengeneza kwa mninga. Ngome yetu moja ilipotea zamani, badala yake kuna kizibo cheupe cha chupa ya dawa ya kikohozi. Nilitaka kufuta vumbi. Nikakumbuka, nikasema kwa sauti: nasawazisha! Mzee akaitikia kwa kichwa, vizuri.

Sikusawazisha wote. Mfalme sikumgusa. Niliona haya, sijui kwa nini.

Nikacheza hatua yangu ya kwanza. Yaani hatua ya Wilbroad. Askari, nafasi mbili mbele. Na papo hapo Mzee akamla njiani, kama lile harage! Nilisahau kituo. Nikaomba radhi, si kwa Shomari, kwa mwenye ubao.

Sasa mlango umefunguka mbele ya mfalme wetu. Waziri mweusi anachungulia.

Magreth kapiga simu saa moja. Mmefikia wapi? Anauliza kama anauliza mahindi. Kuna gari la mbolea ya tumbaku linaondoka Tabora Jumanne asubuhi kwenda Usinge, nafasi ya mbele ameniombea. Kama mchezo utakuwa umeisha.

Nimesema nitaona.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeona mwenyewe! Hakuna aliyenionyesha.

Hatua zilikwenda mbili tatu, mimi napoteza tu. Farasi wetu kaliwa. Waziri wake ameshuka, nyuma yake ngome. Zamu yangu. Mfalme wetu yuko nyumbani katikati, hajatishwa bado, ila hatua inayofuata watamvamia. Nikatazama kwa macho tu, mikono nimeikalia. Kulia kwake nafasi mbili wazi. Halafu ngome ya kweli, ile ya mbao. Hakuna adui anayetazama pale. Nikasema: shemeji, anaweza kuingia ngomeni!

Uso wake ulifunguka. "Ehee! Sasa umekuwa mchezaji."

Nikauliza tena masharti, moja moja. Akayapitia. Alipofika la mwisho akasema ngome hii haijasogea. Na mfalme, akasema, mfalme naye hajasogea. Nafasi ipo.

Na nisipoingia? Hakuna cha kumkinga. Pa kwenda ni mahali pamoja tu, pembeni, na hapo atamalizwa kwa hatua mbili. Nikiingia, mchezo mrefu bado. Wiki kadhaa, akasema. Labda mpaka Pasaka tukicheza kwa adabu.

Nilitaka kumsogeza palepale, lakini alasiri ikaadhiniwa. Tuache mpaka Jumatatu, kasema, hatua nzuri haiharibiki.

Alipokwenda kuvaa viatu Bi Asmahani akaninong'oneza. Huyu mzee siku hizi kuanzia asubuhi anauliza saa nane bado? Msiba ulipokwisha alikuwa anakaa anatazama ukuta. Alifikiri atamfuata Wilbroad. "Mchezeshe, mwenzangu. Hata kama unamchosha."

Nimempigia Magreth. Nimemwambia gari liende, sisi bado. Akasema atanishikia nafasi hiyohiyo mpaka Jumatatu jioni. Mkaidi kama baba yake.

Jumapili, 17 Novemba

Sikumsikia padri leo hata neno.

Nilipokuwa nachemsha kahawa asubuhi kabla ya misa nilichukua kikombe kidogo, nikakiweka mezani, na nikamsikia Wilbroad kabisa. Umekalia kiti cha mfalme.

Kiti kilikuwa wazi. Ndiyo maana kikombe kilikaa.

Mfalme alikuwa ametoka.

Na sasa nakumbuka mengine. Nilikuwa bado nimesimama na sinia. Wilbroad alimpa Shomari kile kikombe akishike, akamchukua mfalme kutoka mbele, akamrudisha mahali pake pakiwa bado pamelowa. Akasema ametoka kunusa hewa tu, amerudi kwa mama Magreth.

Shomari alikuwepo. Alishika kikombe.

Labda amesahau. Mtu mzima, macho hayaoni vizuri. Labda nimekosea mimi, ilikuwa siku nyingine, mchezo mwingine.

Hapana. Ilikuwa jioni ile. Baada ya ile hakukuwa na jioni nyingine.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika wao wakiwa wamekwenda kuswali alasiri. Nimekaa barazani. Mkono wa kushoto nimemshika mfalme.

Walikuja saa nane kama kawaida. Mzee kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Bi Asmahani kaleta asali kwenye chupa, kaka yake kamletea kutoka porini. Tukasalimiana, tukakaa. Mzee akasema karibu shemeji, ingia ngomeni.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu usiku. Nimuulize taratibu, nisimwaibishe. Nikasema, shemeji, huyu mfalme una hakika hajawahi kutoka?

Hajatoka! Alijibu haraka, kabla sijamaliza.

Na mkono wangu — mkono wa isolo! — ulikuwa umekwishamnyanyua. Sikuuona ukienda.

"Ameshika!" Bi Asmahani akasema. Sheria hiyo moja anaijua, basi.

Chini ya mfalme kuna duara la kahawa. Limekauka, rangi ya kahawia, dogo kama kifungo cha koti. Mfalme alikuwa amelifunika lote. Siku zote hizi lilikuwa chini yake.

Nililiona. Mzee akaliona, aliinama kabisa kwa yale macho yake. Gari la matangazo likapita barabarani, likaenda.

Bi Asmahani akanyoosha shingo. "Doa hilo? Mbona linatoka kwa ndimu."

"Liache!" Mzee akasema. Kwa ukali. Sijamsikia akimpandishia mkewe sauti. Bi Asmahani akarudi kwenye karanga zake.

Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kahawa humwagika siku yoyote, shemeji. Tumecheza michezo mingapi juu ya ubao huu.

Nikasema ndiyo, ni mingi.

— Umemgusa. Ni lazima aende yeye. Nafasi ziko mbili. Ngomeni, au pale pembeni.

Nikasema najua.

Angeweza kuniambia rudisha, hukukusudia. Hakusema. Tulikubaliana asinionee huruma. Au huruma ndiyo ilikuwa hii, sijui.

Adhana ikaanza. Alichukua muda mrefu kuvaa viatu. Kwenye ngazi akasimama, amenipa mgongo. Akasema: mimi niliyekuwepo nasema hajatoka. Nani mwingine alikuwepo?

Wakaondoka, Bi Asmahani kamshika mkono kwa sababu ya madimbwi.

Nilikuwepo. Nilileta kahawa.

Nimekaa hapa najaribu kuwaza kwa macho. Nikimwingiza ngomeni, Jumatano watakuja. Na Jumapili. Bi Asmahani atamenya karanga zake, Mzee atauliza saa nane bado, na gari la kesho litakwenda na mbolea peke yake. Hakuna wa kunilaumu. Shahidi kasema. Ni kipande cha mti tu.

Lakini nikimwingiza ngomeni, basi kiti hakikuwa wazi jioni ile. Kama hakikuwa wazi, sikuweka kikombe. Kama sikuweka kikombe, hawakucheka. Na Wilbroad hakusema amerudi kwa nani.

Kile kicheko ndicho nilichobaki nacho.

Na yule mzee akiangalia ukuta tena? Hilo nalo. Niulize nini, niseme nini. Shemeji, hata ubao ukiwa mtupu saa nane ipo, njoo? Atanifuata kutoka Gongoni mpaka Usinge? Nimemwahidi Magreth.

Magreth ameandika ujumbe. Gari saa kumi na mbili asubuhi, kituo ni pale kwenye ghala. Sijajibu.

Nimeinjika kahawa. Imechemka, nimemimina kwa mkono mmoja vikombe vitatu, cha kwangu, cha Bi Asmahani, cha Mzee. Viwili nimeviweka kwenye stuli. Cha tatu, cha Mzee, nimekiweka juu ya ubao, penye kiti cha mfalme. Kimekaa juu ya lile duara sawasawa, hakikuzidi wala kupungua.

Mvuke unapanda.

Nawasikia wanarudi. Bi Asmahani anamwambia angalia hapo, dimbwi. Mzee anakohoa. Hodi, anasema, na viatu bado hajavua, na mimi bado nimemshika mfalme, amepata joto la mkono — karibuni, nimewaambia, karibuni, kahawa iko palepale, kama jioni ile.